Jagi la fedha la pauni mia tisa, na mimi ndiye niliyeitwa feki

Jumapili iliyopita mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale hapa Birmingham aliniambia mbele ya wateja wake kwamba watu wa kwetu ndio mabingwa wa feki. Nilikuwa nimemwambia, kwa sauti ya chini na kwa adabu niliyolelewa nayo Nakuru, kwamba alama za jagi lake la fedha, yaani mihuri midogo inayothibitisha kwamba ni fedha halisi, ni za kubandikwa. Bei aliyoandika ni pauni mia tisa. Pigeni hesabu ya shilingi wenyewe.

Nafanya kazi ya kung'arisha na kurekebisha vyombo vya fedha katika mtaa wa masonara. Niliingia karakana ile nikiwa wa kufagia, na mzee mmoja Mwingereza akanikabidhi kioo cha kukuzia akaanza kunifundisha, bila kuniuliza cheti wala natoka wapi. Ndiyo maana siwezi kupita chombo cha fedha bila kukipindua.

Jagi lile nililipulizia pumzi kitakoni. Fedha ikashika ukungu, na ndani ya ukungu ukajitokeza mstari mwembamba wa mviringo uliozizunguka alama zote: simba, chui, herufi inayoonyesha mwaka wa kupigwa alama, herufi za sonara. Mstari ule ni lehemu. Mtu alikata kipande chenye alama halali kwenye chombo kidogo, akakipachika chini ya jagi lisilo na alama, akasugua mpaka macho yasione kitu. Ukungu ulipokauka, mstari nao ukapotea.

Ufundi huo ni wa kwao, na ni wa zamani. Kati ya 1720 na 1758 serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya peni sita kwa kila aunsi ya fedha iliyofuliwa. Masonara wao, hata wenye majina makubwa, walipeleka kipande kidogo kipigwe alama, wakakilipia kodi ndogo, kisha wakakilehemu kwenye chombo kizito. Kichwa cha chui kilianza kupigwa 1300, simba anayetembea 1544, na kote huko wizi wa alama umewafuata. Katikati ya karne ya 18 adhabu ya kughushi alama ilikuwa kifo. Kifo, ndugu zangu, kwa sababu ya kijisimba kidogo kuliko punje ya mchele! Mwaka 1773, mwaka uleule Birmingham ilipopata ofisi yake ya kupima usafi wa fedha na alama ya nanga, adhabu ikawa kupelekwa uhamishoni miaka 14. Leo, kwa sheria ya 1973, unaweza kufungwa hadi miaka 10. Sheria hizo Waingereza walitungiana wenyewe, nyingi kabla babu zetu hawajaiona pauni.

Kinachoniuma ni kwamba yule bwana alijua. Nilipopuliza tu, alilinyakua jagi akalifunika kwa kitambaa, kisha ndipo akatukana. Na watu wakanitazama mimi, hawakulitazama jagi. Wewe unayepanga kuja huku, liweke hilo akilini: utakuwa na ujuzi mkononi, na bado utaulizwa umeutoa wapi. Njoo na ufundi hata hivyo. Ufundi haukuzuii kutukanwa, lakini unakupa la kujibu.

Mama mmoja mzee wa hapa, aliyekuwa ameshafungua pochi, ndiye alisimama. Akamtaka alifunue jagi, akapuliza mwenyewe, akauona mstari. Akafunga pochi. Akanishika mkono akanishukuru, na akamwambia yule bwana aniombe msamaha. Hakuniomba, ila mama yule sitamsahau.

Sasa nyinyi mnaonitumia picha kutoka Njoro, Molo na Nakuru mjini. Ni kweli masetla waliacha vyombo, na vingine ni vya thamani. Lakini binamu yangu juzi kaniandikia, "Dada, kuna mzee ana vijiko sita vya wakoloni, anataka elfu sitini, nikutumie uuze huko?" Nikaikuza picha. Alama halali za vijiko vya zamani zilipigwa kijiko kimoja baada ya kingine, kwa hiyo hazikai sawasawa kabisa: simba mmoja huinama kidogo, mwingine husogea. Vijiko vyake vyote sita vina simba aliyeinama vilevile, na mkwaruzo uleule unapita juu ya herufi ya mwaka. Vimemiminwa kwenye kalibu iliyotengenezwa kwa kijiko kimoja, mkwaruzo ukanakiliwa pamoja na alama. Nikamjibu, "Kaka, kama umeshavichukua, rudisha leo, na kama ulitoa arbuni, idai."

Wengine mnaletewa vyenye herufi E, P, N na S, kila moja ndani ya kisanduku chake ili zifanane na alama za fedha. Hiyo ni aloi ya shaba, nikeli na zinki iliyopakwa fedha kwa umeme. Ilia ugali, usiilipie bei ya fedha.

Kama nyumbani kuna chombo ambacho babu alipewa na setla, usikisugue. Piga picha ya alama karibu, mwanga utoke ubavuni, unitumie. Nitakwambia ninachokiona, bure.

Yule wa jagi nimemwandikia ripoti kwa maafisa wa biashara wa halmashauri, nikaeleza mstari uko wapi na unaonekanaje. Mama yule amekubali jina lake liandikwe kama shahidi.