Nilivyochanganya darasa lililogawanyika

Mabango na hotuba za Novemba 16, Siku ya Kimataifa ya Uvumilivu, hazina ubaya, ila sijaona zikibadilisha nani anakaa na nani. Kilichonisaidia ni kupanga kazi ya darasani kwa namna ambayo mwanafunzi hawezi kupata alama bila kumsikiliza yule ambaye kwa kawaida hamsemeshi. Ni mbinu ya vikundi vya vipande. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waliibuni Austin, Texas, mwaka 1971, shule za huko zilipoanza kuwachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico na uhasama ukapanda.

Kwa darasa la wanafunzi 30 huunda vikundi 6 vya watu 5, na somo la siku hulikata vipande 5, kimoja kwa kila mmoja kikundini. Kila kipande kijitegemee, yaani kieleweke bila kusoma vingine, na kitoshe ukurasa mmoja. Vitabu vya kiada hufungwa. Hapa ndipo walimu wengi huharibu: wakigawa sura nzima kwa kila mtu, mwenye kasi husoma yote na hana haja tena ya kumsikiliza jirani. Wakiwa 33, watatu wa ziada huingia vikundi vitatu, mmoja kila kimoja, na kila mmoja hushirikiana kipande na mwenzake.

Kipindi cha dakika 40 hakitoshi; naomba viwili mfululizo. Dakika 10 za kwanza kila mmoja husoma kipande chake kimyakimya. Kisha wote wenye kipande kile kile, kutoka vikundi vyote, hukutana kwa dakika 15, wakubaliane mambo ya msingi na jinsi ya kuyaeleza. Hatua hii isirukwe hata muda ukibana, kwa sababu ndiyo inayomwokoa msomaji dhaifu: anarudi kikundini akiwa na la kusema, na wenzake hawapati sababu ya kumdharau. Akirudi bila kitu, mbinu nzima humgeukia, kwani sasa ujinga wake unawagharimu wengine. Baada ya hapo kila mmoja hufundisha kwa dakika 5, jumla 25, halafu zoezi la kupima la dakika 15 linalohusu vipande vyote. Dakika zinazobaki huliwa na kusogeza madawati. Alama ni za mtu binafsi. Alama za kikundi huzaa lawama, na lawama humwangukia yule yule aliyekuwa akibaguliwa.

Kuchanganya nako kuna hesabu yake. Kama wanafunzi wa jamii fulani ni wanne tu, siwatawanyi mmoja mmoja. Nawaweka wawili wawili. Aliye peke yake hugeuzwa msemaji wa kabila au dini yake yote, mzigo ambao hakuna mtoto anayestahili kuubeba. Kwa sababu hiyo hiyo sitangazi kwa nini vikundi viko hivyo, wala sichagui mada ya dini au asili ya watu kwa wiki za mwanzo. Mzunguko wa maji au mfumo wa damu unafaa zaidi. Vikundi navyo vidumu wiki kadhaa. Vikibadilishwa kila siku, hakuna anayemzoea mwenzake.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alitaja masharti manne ya watu kukutana na chuki ikapungua: hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano, na kuungwa mkono na wenye mamlaka. La nne husahauliwa sana. Darasa linaweza kuchanganyika vizuri, lakini kama viranja wote wanatoka upande mmoja, wanafunzi wanajua shule inamaanisha nini hasa.

Matusi ya asili, dini au ulemavu yanahitaji jibu la papo hapo na fupi: «Neno hilo halitumiki hapa», kisha somo linaendelea. Mahojiano hufanyika baadaye, kila mmoja kivyake. Naandika tarehe, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, waliokuwepo na hatua iliyochukuliwa. Bila maandishi, tukio la nne litaonekana la kwanza. Sisimamishi watoto wapatanishwe mbele ya darasa. Mwenye nguvu ataomba msamaha kwa mdomo tu, na aliyetukanwa atalazimika kukubali kwa sababu macho yote yanamtazama. Na lile jibu la «ni utani tu» nalipima kwa swali moja: aliyetaniwa anaweza kuujibu utani huo bila kuumia?

Kwa wazazi natumia kanuni hiyo hiyo, bila vipande. Mkutano wa kujadili tofauti zao huwapa jukwaa wasemaji wakali wa kila upande. Kamati ya watu sita wenye kazi inayoonekana, kwa mfano kukarabati vyoo kabla ya muhula kufunguliwa, huwafanya wapigiane simu. Mweka hazina na mwenyekiti wasitoke upande mmoja, na fedha zitolewe kwa sahihi za wote wawili.