Kiporo cha Mshororo Mmoja

Jumanne, saa nne usiku. Umeme umekatika tangu magharibi. Naandika kwa tochi ya simu niliyoiegemeza kwenye kikombe.

Leo nimetimiza siku ya 41 ya kuandika bila kuruka. Kwa mtu mwenye riwaya tatu zilizofia sura ya pili, si haba. Januari nilijiapiza kuandika maneno 1,000 kila siku. Nikafika siku ya tisa. Ya kumi kukawa na msiba Mbagala, ya kumi na moja nikasema nitafidia, na deni la maneno likanielemea kuliko la kikoba. Kauntabuku nikaifungia kabatini.

Kilichonirudisha ni ubeti. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, kila mmoja mizani (yaani silabi) 16, nane huku na nane kule, vina katikati na mwishoni. Jumla mizani 64. Hata niwe hoi vipi, 64 zinahesabika kwa vidole ndani ya daladala, konda akidhani napiga hesabu ya chenji. Riwaya huniuliza nina lipi la kusema, nami hubaki bubu. Ubeti huniuliza tu neno gani linaishia na "-mba". Nikihangaika na hilo, la kusema linakuja lenyewe.

Mchana kutwa nashinda na nyaraka za forodha. Wenzangu wamenibandika jina. "Malenga, na ile manifesti je?" Nacheka, maana mshairi Shaaban Robert naye alikuwa karani wa forodha, kuanzia 1926 hadi 1944, na hakungoja kustaafu ndipo aandike. Kila nikitaka kusema "nikipata muda", namkumbuka nikaona haya. (Ingawa, tuseme ukweli, yeye hakuwa na magrupu ya WhatsApp ya ukoo.)

Bibi yangu kule Pangani hakuwahi kupika wali ukaisha. Lazima abakize kidogo sufuriani, afunike, asubuhi aupashe tunywe nao chai ya rangi. Mtoto anayejua kuna kiporo haamshwi mara mbili. Basi nami siku hizi ubeti siumalizi usiku. Naacha mshororo mmoja, hata kama uko ncha ya ulimi, nalala nao. Asubuhi nafungua kauntabuku kabla ya simu, namalizia, na mkono ukishapata moto unajianzia ubeti mwingine.

Ila kiporo ni cha usiku mmoja. Kabla ya hizi siku 41 niliwahi kukiacha siku mbili, nilipokuwa nauguza mtoto. Niliporudi nikakuta mishororo mitatu nisiyoitambua. Nani huyu aliyekuwa akiongea, na mnazi ulimkosea nini hata aukasirikie hivyo? Nilisoma mara tatu, nikaikata yote. Wali wa nazi hauvumilii usiku wa pili.

Wa leo huu hapa, nimeutoa garini jioni:

Nimesimama garini, nimeshikilia bomba,
Konda yuko mlangoni, anaita kwa kuimba,
Kuku yupo kikapuni, anagombana na kamba,

Betri imebaki asilimia 6. Mshororo wa nne ninao, nimeshauhesabu mara mbili kwa vidole na mizani imetimia. Siuandiki. Nafunika sufuria.