Miwani ya Uhalisia Pepe na Helikopta Iliyozimikiwa Injini

Mwezi Aprili 2021, EASA, ambayo ni mamlaka ya usalama wa anga ya Umoja wa Ulaya, iliidhinisha kwa mara ya kwanza kifaa cha kufundishia urubani kinachotumia miwani ya uhalisia pepe, yaani miwani inayomzungushia mvaaji mandhari ya kompyuta kana kwamba yumo ndani yake. Kilitengenezwa na kampuni ya VRM Switzerland kwa ajili ya helikopta ya Robinson R22, na kwangu mimi uteuzi wa helikopta hiyo unaeleza faida ya teknolojia hii vizuri kuliko matangazo yote ya wauza miwani.

R22 ni chombo kidogo cha viti viwili ambacho wanafunzi wengi huanzia. Mapanga yanayozunguka juu yake ni mepesi, hivyo injini ikizimika mapanga hayo hupungua kasi upesi mno, na rubani hubakiwa na sekunde moja au mbili za kushusha wenzo ulio kushoto kwake, ili hewa inayopita kutoka chini wakati chombo kinashuka iendelee kuyazungusha. Akikaribia ardhi huinua pua kupunguza mwendo, kisha huvuta wenzo uleule kulainisha mguso. Akiuvuta mapema, nguvu ya mapanga huisha angali juu, akichelewa, hujibamiza.

Yote hayo yanategemea jicho kukadiria kimo, jambo ambalo skrini bapa hailiwezi vizuri. Miwani huonyesha kila jicho picha yake, kwa hiyo mwanafunzi huona kina, tena anaweza kugeuza shingo na kuchungulia chini karibu na miguu yake, huku amekaa kwenye chumba chenye vidhibiti vya ukubwa halisi juu ya jukwaa linalotikisika. Mwalimu anaweza kumzimia injini juu ya msitu au mapaa ya nyumba, zoezi ambalo angani hakuna mwenye akili timamu angelithubutu.

Kwa mafundi wa ndege nina shaka zaidi. Miwani itamzoeza fundi mpangilio wa ukaguzi na mahali kila kifaa kilipo, lakini kukaza boliti iliyojificha nyuma ya mabomba, pasipofikiwa na jicho bali ncha za vidole tu, hakufundishwi na rimoti ya mkononi itumikayo pamoja na miwani, hata ikitetemeka kiganjani. Chuo chenye bajeti finyu, kikilazimika kuchagua, kwanza kinunue injini kuukuu iliyoondolewa kazini, wanafunzi waifungue na kuifunga wenyewe.