Nilivyovua gwanda nikashika mwiko

Askari mstaafu hapa Unguja kazi inayomngoja ni moja: kukaa getini. Benki, hoteli, ghala la mtu, hata nyumba ya mgeni kule Paje. Unapewa kiti cha plastiki, kirungu na daftari la kuandika namba za gari. Nami nilishaanza kuulizia nafasi ya namna hiyo nilipopata habari ya mafunzo ya kukarabati nyumba za kale Mji Mkongwe, yanayochukua wastaafu wa vikosi pamoja na vijana waliomaliza skuli wakakosa la kufanya. Posho yake ilikuwa ndogo kuliko mshahara wa getini. Mke wangu aliniuliza kama nina akili timamu, nikamwambia nijaribu hadi Ramadhani, tukishindwa narudi kwenye kiti cha plastiki.

Siku ya kwanza tulielezwa kuwa wazo lenyewe si geni. Kule Marekani asasi ya National Trust for Historic Preservation ilianzisha mwaka 2014 mpango uitwao HOPE Crew, unaowapeleka vijana na maaskari wa zamani kwenye majengo ya kihistoria wajifunze kwa kushika zana, na idara yao ya hifadhi za taifa ina kituo cha ufundi huo mjini Frederick, Maryland. Hayo niliyasikia tu. Mimi kichwani nilikuwa na Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini orodha haizibi ufa.

Nyumba tuliyopewa ilikuwa Kiponda, ya ghorofa mbili, na ukuta wake wa uchochoroni umefanya tumbo. Fundi mkuu, mzee wa Makunduchi aliyerithi kazi kwa babake, hakutupa mwiko wala nyundo. Alituzungusha kwanza. Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe nje na ndani, katikati kumeshindiliwa vipande vya mawe kwa udongo na chokaa, unene wake hufika nusu mita na zaidi. Mtu akijenga choo juu, bomba likavuja, maji hushuka katikati ya ukuta yakaukomba ule udongo taratibu, na uso wa nje ukabaki peke yake ukaanza kuvimba. Mwenye nyumba anaona rangi inabambuka, anaita mtu ampigie lipu ya simenti. Chokaa hupitisha unyevu, simenti haipitishi vizuri. Maji yanafungiwa ndani, chumvi inatafuna mawe, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza bila mtu kuona.

Mzee akanipa bisibisi, akasema, "Choma hapa, mwanangu." Alituita wote mwanangu, hata mimi mwenye wajukuu. Boriti ile ile iliyokuwa ikilia kwa ukavu ukiigonga katikati ya chumba, pale kwenye ncha bisibisi ilizama mpaka mpini. Ilipotoka ilikuja na unga wa kahawia uliolowa.

Nani wa kufanya kazi na nani, hilo lilitaka kutushinda. Wastaafu tulikuwa tumezoea kusema neno mara moja likafuatwa. Vijana nao walikuwa wamechoka kuamrishwa na kila mtu mzima mtaani. Kijana mmoja wa Kwahani alimwambia mwenzangu mbele ya watu, "Afande, samahani, hapa si kambini," na huyo mwenzangu hakurudi kesho yake. Tulikaa barazani na mzee tukakubaliana: amri inatoka kwa fundi peke yake, na kila mstaafu atafanya kazi na kijana mmoja mpaka mwisho, wabebe karai moja. Niliona kuwa waliokuwa na vyeo vya chini jeshini ndio waliodumu. Waliozoea kukagua gwaride walikuwa wagumu kupiga magoti kuchokoa viungo vya mawe. Hata mimi goti lilinisumbua, nikatafuta kigoda.

Mwenzangu alikuwa binti wa Jang'ombe. Mkono wake wa kuchora ulikuwa mwepesi. Yeye ndiye aliyepima ukuta wote kwa futi kamba, akachora kila ufa kwenye karatasi ya mraba, na kila asubuhi akaupiga picha kwa simu akiwa amesimama pahala pale pale. Mzee alitufundisha kubandika vipande vya kioo chembamba juu ya nyufa kwa jasi, tukaandika tarehe kando. Kioo kikivunjika, ukuta bado unatembea. Vya chini vilibaki vizima. Kimoja cha ghorofa ya kwanza kilikatika, na hapo kazi ya mapambo yote ikasimama mpaka tukaegemeza ukuta kwa nguzo na kulifuata bomba lililokuwa likivuja.

Chokaa ndiyo iliyonifundisha adabu. Mawe ya matumbawe huchomwa kwenye tanuri la magogo, yakatoka mepesi na meupe. Siku ya kuyazima tulivaa miwani na glavu, tukayatumbukiza kidogo kidogo kwenye pipa la maji. Maji yakaanza kuchemka bila moto, mvuke ukapanda, mawe yakapasuka kwa mlio, na kijana aliyekuwa akirikodi kwa simu akarudi nyuma mpaka akagota ukutani. Rojo lake likachekechwa, likafunikwa kwa maji, likaachwa wiki kadhaa. Ndipo linachanganywa na mchanga, moja kwa tatu, tena mchanga wa shimoni, maana wa pwani una chumvi, na chumvi ndiyo adui tuliyekuja kumtoa.

Kuipiga si kazi. Kazi iko baadaye. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, na haivuti vizuri ikiwa imekauka. Sisi tulikuwa kwenye kaskazi, upepo mkavu na jua kali. Ukuta uliopigwa asubuhi ukiachwa hivyo hivyo, adhuhuri umeshakauka, halafu unapasuka na kuwa unga. Kwa hiyo unatundikiwa magunia mabichi, unanyunyiziwa asubuhi, mchana na jioni, siku baada ya siku, hata Ijumaa. Vijana walichoka haraka. Hakuna cha kuonesha, ukuta ni ule ule.

Hapo ndipo ujeshi wangu ulipopata kazi. Niliandika orodha ya zamu kama tulivyokuwa tukiandika ya lindo, na kitabu cha kukabidhiana: nani kanyunyiza, saa ngapi, gunia lipi limekauka mapema, jua limegeukia wapi. Anayeingia zamu anamsubiri anayetoka, wanaugusa ukuta pamoja kwa kiganja, kisha wanatia saini. Kijana wa Kwahani akacheka, "Afande, sasa tunamlinda nani?" Nikamwambia, "Ukuta." Alicheka tena, lakini siku aliyokuta gunia la kona limekauka kwenye zamu ya mwenzake, yeye ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Boriti mpya zilitusubirisha. Ni miti ya mikoko; zamani zilikuja kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu, na vyumba vyetu vya kale ni vyembamba kwa sababu boriti ndiyo iliyoamua upana. Siku hizi mikoko haikatwi ovyo, na ni sawa, ila fundi lazima apange mapema. Pale ambapo ncha tu ndiyo imeoza, tuliikata tukaunga mbao ngumu badala ya kutupa boriti nzima.

Ramadhani ilipita na sikurudi kuulizia geti. Sasa mimi na yule binti tunachukua kazi ndogo ndogo pamoja: lipu ya chokaa, madari, kuziba nyufa. Mke wangu hulalamikia nguo nyeupe kwa vumbi, mshahara haulalamikii. Hivi sasa tunasubiri kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe tuanze nyumba moja Sokomuhogo. Mwenye nyumba anataka chumba cha chini kipigwe simenti, anasema chokaa inachelewa. Binti ndiye anayebishana naye, kwa michoro na picha zake; mimi nimeambiwa ninyamaze, nikapange zamu.