Masikio ya baba

Baba alikuwa ameshatenga fedha. Jirani alimletea mashine ya sikio kutoka Kariakoo, akaijaribu sebuleni na kutangaza kwamba inamfaa. Ilikuwa inapiga mluzi, lakini inafaa! Mimi nikagoma: hailipiwi mpaka daktari ayaone hayo masikio. Alininunia njia nzima hadi kliniki ya masikio, pua na koo.

Daktari, binti mdogo tu, alimwamkia kisha akaanza maswali. Usikivu ulipungua ghafla au polepole? Masikio yote? Yamewahi kutoa usaha? Kizunguzungu je? Aliwahi kuchomwa sindano za kifua kikuu? Baba alijibu kwa mkato, mpaka alipoulizwa kazi. Hapo akachangamka. Korona, ile mashine ya kuchambua majani ya mkonge, kiwandani Tanga, tangu ujana wake. Mashine inanguruma, watu mnaongea kwa mikono. Akamwonyesha hata ishara ya "zima".

Daktari akachungulia kwa kile kidude chenye taa. Sikio la kulia lilikuwa limezibwa na nta.

"Mzee wangu, hapa hata ungefungiwa spika ya msikitini usingesikia vizuri."

Akatia dawa ya kulainisha, tukasubiri, akalisafisha kwa bomba la maji ya uvuguvugu. Likatoka donge kama kokwa ya tende. Baba akatazama juu: kumbe feni ya humu ndani inapiga kelele!

Nilidhani tumemaliza. Wapi. Akaingizwa kwenye chumba kisichopitisha sauti, akavishwa spika za masikioni, abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Ikatoka karatasi yenye viduara vyekundu vya sikio la kulia na alama za X za buluu za kushoto. Kwenye sauti nzito mambo yalikuwa mazuri. Kwenye sauti nyembamba, hezi 4000, alama zote zikatumbukia. Hiyo ni kelele, daktari akasema, seli za ndani zimekufa na hazina dawa. Ndiyo maana wazee wenzake anawasikia barazani, ila mjukuu wake anadai ananong'ona. Mashine atahitaji, lakini ya kurekebishwa kwa kufuata karatasi ile. Ile ya jirani inakuza kila kitu, hata asichohitaji.

Baba akaikagua karatasi kwa makini.

"Na mwenye kiwanda analipa nusu?"

Daktari akacheka. Baba hakuwa anatania. Akaomba itolewe kopi mbili.