Mchagua Jembe Kwenye Meza ya Karata

Kwa muda mrefu, kila niliposhindwa katika mashindano ya karata za kukusanya, nilirudi nyumbani, nikaitandaza pakiti yangu mezani, nikatoa karata mbili na kuingiza nyingine mbili. Sikujiuliza hata mara moja kama mbili hizo ndizo zilizoniangusha. Pakiti ni rahisi kuilaumu kwa sababu haijitetei, na kuibadilisha humwacha mtu akijiona amefanya kazi.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini hawakuwa wameketi kucheza Magic: The Gathering, ambako kuchagua jembe ni sehemu ya kilimo chenyewe. Mchezo huo, uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, humtaka kila mchezaji aje na pakiti aliyoipanga mwenyewe, yenye karata zisizopungua 60 na nakala zisizozidi nne za karata moja, ukiacha ardhi za msingi, yaani karata zinazotoa nguvu ya kulipia karata nyingine, na humruhusu kuweka kando karata 15 za akiba. Yu-Gi-Oh!, mchezo mwingine wa aina hiyo, ina kanuni zake, yaani karata 40 hadi 60 na nakala tatu tu, lakini msingi ni ule ule: sehemu ya pambano huamuliwa kabla wachezaji hawajaketi.

Kuna nyakati ambapo sehemu hiyo hukaribia kuwa pambano zima. Katika Pro Tour, mashindano makubwa ya Magic, yaliyofanyika Atlanta mwaka 2016, pakiti sita kati ya nane zilizofika hatua ya mwisho zilikuwa za viumbe wa Eldrazi, kwa kuwa ardhi kama Eye of Ugin ziliwawezesha wenye pakiti hizo kuwashusha viumbe wakubwa mapema mno. Aliyekuja na pakiti ya kawaida aliweza kucheza bila kosa lolote na bado akaachwa nyuma, na miezi michache baadaye Eye of Ugin ilipigwa marufuku katika mfumo wa mashindano uliotumika Atlanta. Anayedai kwamba ustadi wa mezani hushinda kila kitu na autazame mwaka ule.

Fainali ya ubingwa wa dunia wa Magic ya mwaka 2000 mjini Brussels inatufundisha jambo la upande wa pili. Jon Finkel na Bob Maher walikutana wakiwa na pakiti zilizokaribia kufanana karata kwa karata, na Finkel ndiye aliyetwaa ubingwa. Fainali moja haithibitishi mengi, kwani bahati nayo ilikuwapo mezani, lakini ni vigumu kwa yeyote kusema kwamba jembe ndilo lililoamua.

Mimi nilifunguka macho kwa njia isiyo na fahari. Nilikuwa na nakala tatu za karata ya kuua kiumbe, na moja ilikuwa mkononi tangu mwanzo. Katika zamu ya pili mpinzani alishusha kiumbe kidogo chenye nguvu mbili, nami nikakiua papo hapo, kwa sababu tu niliweza. Katika zamu ya tano lilishuka joka, na mkononi sikuwa na chochote cha kulizuia. Nilipofika nyumbani niliongeza nakala ya nne. Hesabu yake si siri: katika karata 60, uwezekano wa kupata angalau nakala moja kwenye mkono wa kwanza wa karata saba ni takriban asilimia 31.5 ukiwa na nakala tatu, na takriban asilimia 40 ukiwa na nne. Ongezeko hilo si dogo, lakini ni michezo minane au tisa katika kila mia, ilhali kosa la kuua kile kilicho mbele yangu badala ya kusubiri kile kinachokuja nilikuwa nikilifanya karibu kila mchezo. Mashindano yaliyofuata nilikuwa na nakala mbili mkononi, nikazimaliza zote mbili kwa viumbe vidogo, kisha likaja joka.

Tangu hapo, swali ninaloiuliza pakiti limebadilika. Zamani niliuliza ina nguvu kiasi gani. Sasa nauliza itanidai maamuzi gani, na kama nitaweza kuyafanya vizuri katika raundi ya nane, macho yakiwa mazito. Ndiyo maana kunakili pakiti ya bingwa kutoka intaneti hakusaidii sana: unapata karata zote 60, lakini hupati sababu zake, na upungufu huo huonekana zaidi kwenye zile 15 za akiba. Baada ya mchezo wa kwanza una dakika chache tu za kuamua nini kiingie na, gumu zaidi, nini kitoke. Wakati huo unaunda pakiti na kucheza kwa pamoja, na asiyejua kwa nini karata fulani iliwekwa hawezi kujua lini haifai tena.

Nakala ile ya nne niliitoa. Nafasi yake nimeweka ardhi moja zaidi, na kwa miezi mitatu sijagusa kingine, ingawa jana nililishinda joka moja na kushindwa na mawili.