Ukitaka kuijua kompyuta, soma /proc na /sys

Nikiletewa kompyuta mpakato iliyokwishatumika niikague, sisakinishi programu yoyote ya kupimia. Ikiwa inaendesha Linux, nafungua terminali, naandika cat, amri ya kuonyesha yaliyomo kwenye faili, naanza kusoma. Karibu kila ninachotaka kujua kuhusu vifaa vyake kiko ndani ya folda mbili, /proc na /sys.

Folda hizi hazimo kwenye diski. Piga ls -l /proc/meminfo uone: ukubwa wa faili ni 0, lakini ukilisoma, mistari inamiminika. Keneli, yaani kiini cha Linux kinachosimamia vifaa, huyatunga maandishi hayo papo hapo, pale unapoyaomba. Ukisoma tena baada ya sekunde moja, tarakimu zimeshabadilika. Hata amri za free, top na lscpu huchota humo humo, kisha zinakupangia vizuri zaidi.

Huwa naanza na betri, maana kwa macho betri mbovu na nzima hazitofautiani. Naingia /sys/class/power_supply/BAT0, nasoma energy_full_design, yaani uwezo iliyotoka nao kiwandani, halafu energy_full, uwezo iliyobaki nao ikijaa leo. Tuseme ya kwanza ni 48000000 na ya pili 31200000. Hizo ni maikrowati-saa, kwa hiyo betri ilizaliwa na wati-saa 48 na sasa inabeba 31.2. Gawanya: 65%. Alama ya betri pale juu ya skrini itaandika 100% bila kusita, kwa sababu inapima kujaa kwa hiki kilichobaki. Mashine nyingine hazina energy_full, zina charge_full, lakini hesabu ni ile ile. Lililo la kuangalia kwa makini ni cycle_count. Likisema 0 kwenye betri iliyochakaa, usidhani ni mpya. Mara nyingi betri yenyewe haitoi taarifa hiyo, na keneli haiwezi kusema isichoambiwa.

Diski ni jambo la haraka: /sys/block/sda/queue/rotational ikitoa 1, ni ya kuzunguka, 0, ni SSD, isiyo na sehemu ya kuzunguka. Joto liko /sys/class/thermal/thermal_zone0/temp, na 54000 maana yake ni nyuzi 54, kwani hupimwa kwa sehemu za elfu. Soma type iliyo jirani yake kwanza, ujue ni joto la kitu gani.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1984 Tom Killian wa Bell Labs alieleza jinsi ya kuzionyesha programu zinazoendeshwa kana kwamba ni faili, na hapo ndipo /proc ilipoanzia. Linux ilipoichukua, watu wakajaza humo kila kitu, prosesa, kumbukumbu, mpaka pakawa na vurugu, kila faili na mpangilio wake. /proc/cpuinfo ya prosesa ya ARM hata haifanani na ya Intel, na programu iliyoandikwa kwa kuizoea moja hukwama ikikutana na nyingine. Ndipo ikaja /sys, pamoja na keneli 2.6 ya Desemba 2003, na kanuni ninayoipenda sana: faili moja, thamani moja. Huhitaji kuchambua maandishi. Unasoma namba, basi.

Kwenye kumbukumbu, yaani RAM, watu wengi wanafungua /proc/meminfo, wanaangalia MemFree na kushtuka. Angalia MemAvailable. Linux hutumia RAM iliyolala kuhifadhi faili zilizosomwa karibuni, na huiachia programu zikiihitaji, kwa hiyo MemFree ndogo si dalili ya ugonjwa. MemTotal nayo itakuwa pungufu kidogo ya RAM iliyomo, kwa kuwa sehemu yake hutengwa mapema kwa ajili ya keneli na vifaa.

Ila ukiwa ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu ndani ya mashine, usiitegemee meminfo. Kwa kawaida itakuonyesha kumbukumbu ya mashine nzima, hata kama wewe umepewa kipande tu, na programu itakayoamini namba hiyo itauawa kwa kuvuka mpaka wake. Mpaka wa kweli, kwenye mifumo inayotumia cgroup (njia ya keneli ya kuziwekea programu mipaka) toleo la 2, usome /sys/fs/cgroup/memory.max. Ukikuta neno max badala ya namba, kontena lako halijawekewa kikomo hapo.